Aliyekugonga Hana Bima? Andikeni Kabla Hamjaachana

Magari yanayonisumbua kazini si yale yaliyopinduka Kitonga wala yaliyobanwa na lori Chalinze. Ajali za namna hiyo zina wenyewe: polisi wanapima barabara, majeruhi wanapewa fomu ya polisi ya PF3, kampuni ya bima inatuma watu wake mapema. Yanayonisumbua ni IST iliyobonyea mlango Tabata, Passo iliyopasuliwa taa ya nyuma kwenye foleni ya Mwenge, Noah iliyochubuliwa ubavu mzima na bajaji iliyolazimisha kupita. Hasara ni laki mbili, laki tatu, ikizidi sana laki nane. Hakuna aliyeumia. Aliyegonga hana bima, ameomba radhi, ameahidi, mmepeana namba za simu, na wiki ya pili namba hiyo haipatikani.

Mimi ni mkadiriaji wa hasara za magari hapa Dar es Salaam. Kampuni ya bima ikipokea dai, huniita nilitazame gari, niandike kilichovunjika na kilichopona, niseme ni shilingi ngapi zitalirudisha katika hali yake. Lakini jioni na Jumamosi ninapigiwa simu na watu wasio na dai kwa kampuni yoyote: walimu, wauguzi, madereva wa teksi mtandao, mama mwenye duka la vitenge Kariakoo. Wote wana swali moja: "Dada, aliyenigonga hana bima, nifanyeje?" Wengi wao wananipigia siku nyingi baada ya tukio, na hapo ndipo ninaposikitika, kwa sababu jambo hili huamuliwa pale pale barabarani, watu wawili wakiwa bado wanatazamana.

Kitu cha kwanza ni picha, kabla magari hayajasogezwa. Simama mbali kidogo ili magari yote mawili yaonekane, pamoja na mistari ya barabara na jengo la karibu. Kisha sogea upige namba ya usajili ya chombo chake, upige palipogongwa kwa pembe mbili tatu, na usisahau upande wake yeye. Watu wengi hupiga picha gari lao tu. Rangi ya gari lako iliyobaki kwenye bampa lake ni ushahidi ambao baadaye hakuna anayeweza kuubishia. Mkishamaliza, tokeni barabarani. Nimeona watu wakibishania mkwaruzo katikati ya Barabara ya Mandela huku malori ya mizigo yakiwapita kwa inchi chache, na hilo huniogopesha kuliko ajali yenyewe.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na atoe jina na anwani yake. Kwa hiyo usione haya kumwomba, wala usimwombe kama mtu anayeomba hisani. Jina kamili, namba ya NIDA, leseni, mahali anapoishi hadi jina la mtaa, na namba ya simu ambayo umeipiga hapo hapo ukaisikia ikiita mkononi mwake. Akiwa dereva wa bajaji au bodaboda, muulize anapaki kijiwe gani. Vijiwe vingi vina mwenyekiti na katibu, na viongozi hao wanawajua watu wao kuliko daftari lolote la serikali.

Halafu lipo jambo ambalo wenye magari wengi hulipita haraka mno. Dereva akisema "sina bima", usiamini, na akisema "ninayo", usiamini vilevile. Angalia mwenyewe. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kompyuta uitwao TIRAMIS, na mtu yeyote mwenye simu yenye intaneti anaweza kuingiza namba ya usajili wa chombo na kuona kama kina bima hai, ya kampuni gani, na inaisha lini. Stika za siku hizi ni za kielektroniki, hivyo kioo kitupu hakikuambii chochote, na karatasi iliyochapishwa nayo haikuambii mengi.

Nakumbuka kijana mmoja wa bajaji pale Buguruni aliyekuwa amegonga fenda ya Vitz. Alikuwa anatetemeka. Aliapa kwamba bajaji haina bima, akaomba apewe siku mbili akakope. Nilipoingiza namba, bima ilikuwepo na ilikuwa na miezi kadhaa mbele. Bosi wake alikuwa ameikata bila kumwambia. Yeye aliambiwa hesabu ya kila siku na saa ya kurudisha chombo, basi. Mwenye Vitz alipeleka dai kwa kampuni ile akatengenezewa gari, na yule kijana hakukopa. Nimekutana pia na upande wa pili: konda wa daladala anakunjua karatasi nzuri yenye nembo, mfumo unasema bima ilikwisha mwezi uliopita.

Nieleze hapa kidogo bima ndogo, ile ya lazima, inafanya nini, kwa sababu watu huichanganya. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inayolazimisha kila chombo cha moto barabarani kuwa na bima, iliwekwa hasa kwa ajili ya mtu anayekufa au kuumia. Uharibifu wa gari la mwingine hulipwa kwa mujibu wa mkataba wa bima wenyewe, hadi kiwango kilichoandikwa humo. Kwa mikwaruzo tunayoizungumzia kiwango hicho kwa kawaida kinatosha. Kwa hiyo mfumo ukionyesha bima hai, kazi yako imekuwa nyepesi: nenda polisi upate ripoti ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari, peleka dai kwa kampuni ya aliyekugonga, subiri mtu kama mimi aje kulitazama gari lako.

Na kama chombo ni lori la Zambia, Burundi, Rwanda au Kongo, yale yanayoshuka bandarini kila siku, muulize dereva Kadi ya Njano. Ni bima ya mpango wa COMESA iliyoanza kufanya kazi mwaka 1987, na Tanzania imo ndani yake ingawa ilijitoa katika jumuiya yenyewe. Piga picha kadi hiyo pande zote mbili kabla lori halijaondoka.

Tuseme sasa mfumo umeonyesha kwamba hakuna bima. Nani anadaiwa?

Dereva, bila shaka. Lakini dereva wa bajaji anayerudisha hesabu kila jioni mara nyingi hana cha kulipa zaidi ya kile alichokiweka mfukoni kwa ajili ya chakula cha wanawe. Mwenye chombo ndiye aliyekipeleka barabarani kikiwa hakina bima, ndiye anayepokea hesabu, na sheria inamfanya awajibike kwa kosa la mtu anayemfanyia kazi. Kwa hiyo mtafute. Omba kuona kadi ya chombo, andika jina lililomo, kisha mwambie dereva ampigie bosi wake simu mbele yako na aweke sauti ya nje. Mwalimu mmoja wa Kimara alifanya hivyo Passo yake ilipogongwa. Bosi alianza kwa ukali: "Malizaneni wenyewe, mimi sikuwepo." Mwalimu akamjibu kwa upole, "Kaka yangu, chombo ni chako na hakina bima, nimeshaangalia. Nakuomba uje tuongee, nisipeleke jambo hili mbali." Baada ya nusu saa alifika.

Sasa bei, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Wawili wanaokubaliana bei barabarani hukosea, kila mmoja kwa upande wake. Aliyegongwa, akiwa na hasira, hutaja milioni kwa mkwaruzo wa kung'arisha tu. Aliyegonga hutoa elfu hamsini, na aliyegongwa akiwa na haraka ya kuwahi kazini huipokea, kesho yake fundi akifungua bampa wanakuta mengine. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kukwama, ile ni tabaka ya juu ya klia tu, na fundi mzuri ataiondoa kwa dawa ya kung'arisha. Ukucha ukikwama, rangi imekatika, na ukiona bati linameta usikawie: hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na masika moja inatosha kuanzisha kutu itakayotambaa chini ya rangi nzuri ya pembeni.

Bampa ndilo linalodanganya watu zaidi. Ni la plastiki, linabonyea na kurudi, kwa nje unaona michubuko miwili tu. Nyuma yake kuna povu la kupunguza kishindo na chuma kinachoshikilia, kuna klipu, kuna masikio ya plastiki yanayoifunga taa mahali pake. Taa yenye sikio lililokatika itaonekana nzima kabisa leo, na mwezi ujao itakuwa inatikisika kwenye kila tuta. Kwa gari lililogongwa nyuma mimi hufungua buti, hutoa tairi la akiba na kutazama sakafu chini yake kwa tochi. Bati likiwa na mkunjo mpya, kishindo kilifika mbali. Kwa mlango, ufungue na kuufunga mara kadhaa huku ukisikiliza, kisha utazame nafasi kati ya mlango na fenda kuanzia juu hadi chini. Ikiwa pana juu na nyembamba chini, bawaba zimesogea, na mvua ya kwanza itaingia ndani.

Rangi nayo ina bei zake. Katika Toyota nyingi kuna kibati au kibandiko, ama kwenye chumba cha injini ama kwenye nguzo ya mlango, chenye msimbo wa rangi. Nyeupe ya kawaida yenye msimbo 040 haisumbui kuchanganya. Nyeupe ya lulu, 070, inapigwa tabaka tatu, na fundi akitaka ifanane na upande wa pili atalazimika kuisambaza hadi kwenye paneli ya jirani. Ndiyo maana mlango mmoja wa gari jeupe unaweza kugharimu zaidi ya mlango wa gari jingine jeupe lililopaki pembeni yake, na aliyegonga akadhani anaibiwa. Mwonyeshe kile kibati.

Kwa sababu ya haya yote, ushauri wangu ni kwamba pale barabarani msikubaliane bei ya mwisho. Kubalianeni nani atalipa, na kwamba bei itathibitishwa na fundi. Kisha nendeni kwa mafundi wawili au watatu tofauti, Ilala au Gerezani au popote mnapowaamini, kila mmoja aandike makadirio yake kwenye karatasi yenye jina la gereji, akitenganisha spea, rangi na ufundi. Aliyegonga aje mwenyewe au atume mtu. Spea ya mtumba kutoka Japani iliyo katika hali nzuri inakubalika kwa gari lenye umri mkubwa. Kumdai mtu taa mpya ya kiwandani kwa gari la mwaka 2004 ni kumwonea, na hakimu ataliona hilo.

Sasa tufike kwenye karatasi, ambayo ningependa kila msomaji wa makala haya aizingatie kuliko kitu kingine chochote.

Ukigongwa na mtu asiye na bima bila kuandikiana, madai yako kisheria ni madai ya madhara. Ni madai halali, Sheria ya Ukomo wa Muda inakupa miaka 3 kuyafungua, lakini yataanzia Mahakama ya Wilaya, ambako utatakiwa kuthibitisha kwanza kwamba kosa lilikuwa lake. Mkiandikiana mkataba wa malipo, mambo yanabadilika. Hapo unadai deni linalotokana na mkataba, na deni la namna hiyo linapokelewa na Mahakama ya Mwanzo, ile iliyo karibu na mtaa wako. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 mahakama hiyo inaweza kusikiliza deni la mkataba hadi shilingi milioni 30. Huhitaji wakili, kila kitu kinasemwa kwa Kiswahili, na hakimu ataanza na karatasi iliyotiwa saini. Kipande cha karatasi ya daftari kinakutoa katika safari moja ndefu na kukuweka katika nyingine fupi.

Mwalimu wa Kimara aliniomba nimsaidie maneno, nikamwandikia hivi, na tangu hapo nimewapa watu wengi maneno hayo hayo:

"Mimi (jina kamili), mwenye NIDA namba fulani, mkazi wa mtaa fulani, mmiliki wa bajaji namba fulani, nakubali kwamba leo tarehe fulani, saa fulani, katika barabara fulani, bajaji hiyo ikiendeshwa na (jina la dereva) iligonga gari namba fulani, mali ya (jina), ikaharibu bampa la nyuma na taa ya kushoto, na kwamba kosa lilikuwa la upande wangu. Nakubali kulipa gharama za matengenezo, ambazo kwa makadirio ya mafundi tuliowakubali wote ni shilingi 320,000. Nitalipa shilingi 80,000 kila tarehe 5 kwa miezi minne, kwa namba ya simu fulani. Nikikosa awamu moja, kiasi chote kilichobaki kitadaiwa kwa pamoja. Naye mwenye gari anakubali kutofungua shauri lolote kuhusu ajali hii mradi malipo yanafanyika kama yalivyoandikwa hapa."

Sentensi ya mwisho watu huiacha, na ndiyo inayoupa mkataba miguu. Sheria ya Mikataba inataka kila upande utoe kitu: yeye anatoa ahadi ya fedha, wewe unatoa ahadi ya kutomshtaki. Wote mtie saini, dereva naye atie, na kila upande uwe na shahidi wake. Mahali pazuri pa kusainia ni ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti au mtendaji, ambaye atagonga muhuri. Andikeni nakala mbili. Ikiwa bei bado haijajulikana siku ile ya ajali, andikeni ukurasa mfupi wa kukiri kosa na kukubali kulipa, kisha huu mrefu ufuate baada ya mafundi kusema.

Malipo yapite kwenye simu, na kila awamu mtumiane ujumbe: "Nimepokea 80,000, imebaki 240,000." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imefanya ujumbe wa simu kuwa ushahidi unaopokelewa mahakamani, na kwa mdaiwa mwaminifu ujumbe huo ni kinga kwake pia.

Kuna mambo sipendi kuyaona, na nitayasema wazi. Sipendi kuona mtu ananyang'anywa ufunguo wa bajaji au leseni "mpaka alipe". Huna mamlaka ya kushika mali ya mwenzako, na chombo kikilala kwako dereva hana pa kupata fedha za kukulipa. Sipendi kuona umati unamzunguka kijana, mmoja anapiga kelele, mwingine amemshika kola, na katikati ya hayo anaambiwa asaini. Mkataba uliosainiwa kwa vitisho unaweza kuvunjwa mahakamani, na ni haki uvunjwe. Wala sipendi kumwona mwanamke aliyegongwa akizungukwa na madereva wa kijiwe kizima wakimwambia "mama, samehe tu, maisha magumu", mpaka anaondoka na gari lililopasuka bila hata jina la aliyemgonga. Maisha ni magumu kwake pia. Anaweza kutoa awamu ndefu, anaweza hata kupunguza deni akitaka, lakini afanye hivyo baada ya kulala na kuamka, akiwa na karatasi mkononi.

Na polisi? Wapo wanaodhani trafiki akifika ndiye atakayewalipisha. Trafiki anaweza kumwandikia faini dereva au kumpeleka mahakamani kwa kuendesha chombo kisicho na bima, na faini hiyo inakwenda serikalini. Mahakama ikimtia mtu hatiani ina uwezo wa kuamuru alipe fidia, lakini usilitegemee hilo kama njia yako pekee. Ripoti ya polisi ni ya muhimu kwa sababu nyingine: inaandika tarehe, mahali na vyombo vilivyohusika kwa mkono wa mtu asiye ndugu wa yeyote kati yenu. Ukiona dereva analeta ubishi, anakataa kujitambulisha, au ananukia pombe, acha mazungumzo ya karatasi na uite polisi. Vilevile ukisikia mtu yeyote, hata abiria wa bajaji, akilalamika shingo au mgongo, jambo hilo limeshatoka katika mikwaruzo.

Wenye bima kubwa, ile inayolipa hata gari la mwenye bima, wananiuliza kama inawafaa kulipeleka jambo kwenye kampuni yao wenyewe. Inategemea ukubwa wa hasara. Kila mkataba una kiasi ambacho mwenye gari anakibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na kampuni nyingi hupunguza ada kwa mteja aliyemaliza mwaka bila kudai. Kwa mkwaruzo wa laki mbili mara nyingi utajikuta unaulipa wote mwenyewe na punguzo umelipoteza. Kwa laki nane, piga simu. Lakini zingatieni hili: kampuni ikikulipa, haki ya kumdai aliyekugonga inahamia kwa kampuni hiyo. Kama tayari umesaini karatasi ya kumsamehe, umetoa kitu ambacho kampuni ilikihesabu kuwa chake, na inaweza kukataa dai lako. Toa taarifa kwanza kwa kampuni, ndipo usaini lolote na aliyekugonga. Wenye bima kubwa wengi nawakuta wameshasamehe.

Bosi wa bajaji iliyogonga Passo ya mwalimu alilipa awamu mbili akanyamaza. Mwalimu hakwenda kumgombeza nyumbani kwake. Alimwandikia barua fupi ya madai, akampa siku 14, akaipeleka kupitia kwa mtendaji wa mtaa aliyegonga muhuri. Siku zikaisha. Akaenda Mahakama ya Mwanzo na bahasha yenye mkataba, picha, makadirio ya mafundi wawili, risiti ya EFD ya taa aliyoinunua, na jumbe za simu alizozichapisha. Yule bwana alipopelekewa wito alilipa 160,000 zilizobaki kabla ya siku ya kutajwa kwa shauri, na jambo likaishia hapo. Sina ahadi kwamba kila shauri litakwenda hivyo. Lakini nimewaona wengi waliofika na bahasha kama ile na wengi waliofika na hadithi tu, na najua ni kina nani walilipwa.

Dereva wa teksi mtandao au mwenye daladala ana hasara nyingine ambayo wengi hawaitaji: siku gari linapokaa gereji. Inadaiwa pia, lakini mahakama zetu zinataka hasara ya namna hiyo itajwe kiasi chake na ithibitishwe. Rekodi ya safari zako kwenye programu ya simu, au daftari la hesabu la wiki zilizotangulia, itasema zaidi kuliko wewe kusimama na kusema "napata elfu sitini kwa siku".

Naomba nimalizie na wenye bajaji, pikipiki na magari ya biashara, kwa sababu karibu kila karatasi ninayoandikia watu inaanzia kwao. Bima ndogo ya gari dogo binafsi imekuwa shilingi 118,000 kwa mwaka, pamoja na VAT, kwa miaka mingi. Fenda moja ya Vitz, ikinyooshwa na kupigwa rangi vizuri, inakaribia fedha hiyo, na taa moja ya Noah huivuka. Unapompa kijana chombo kisicho na bima unamwachia deni ambalo hakulianzisha yeye, na siku atakayomgonga mtu wa miguu badala ya bampa, hakuna karatasi nitakayoweza kuwaandikia. Leo jioni anaporudisha hesabu, ingiza namba ya chombo chako kwenye TIRAMIS. Kama bima imekwisha, kisitoke kesho asubuhi kabla hujaikata.